Siku Niliyobaki Upande wa Akina Akinyi

Juzi mafundi walikuja kuzungushia shule yetu seng'enge, na harufu ya nguzo zilizopakwa lami ikanirudisha utotoni, uani kwetu mtaa wa Umoja. Baba na jirani yetu, Baba Akinyi, walikuwa wakivuta waya pamoja huku wakicheka, nao waya ukilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Siku hizi najua ua ule ulikuwa wa kuzuia kuku wao wasimalize mboga zetu za sukuma. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu: waya ulipokazwa, mimi nilikuwa upande wa akina Akinyi. Basi nimeshakuwa mtoto wao.

"Wewe, njoo uoge," Mama akaita.

"Siwezi. Nimebaki huku."

Mama akamgeukia jirani. "Mama Akinyi, umemsikia mtoto wako?"

"Nimemsikia. Leo tunakula omena, baba. Utakula?"

Nikatazama uso wa huyu, nikatazama wa yule. Hakuna aliyecheka. Nikamuuliza Akinyi, aliyekuwa amesimama kando yangu, polepole kama kwao pia watu huoga.

"Kila siku," akasema kwa huzuni. "Na miguu mara mbili."

Nikatoka mbio kwa mlango wao wa mbele, nikazunguka barabarani, nikakuta geti letu liko wazi kama lilivyokuwa tangu asubuhi, na Mama amesimama pale na sabuni mkononi.