Kamba ya Mguuni Haiingii Mtoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikulowa hata kidole. Nilikuwa nimetoka Gatitu asubuhi na mapema, nimebeba kaptula mpya kwenye mfuko wa karatasi, nikiamini kwamba mtu anayeajiriwa kuwaongoza wageni mtoni Sagana huanza kwa kuingia mtoni. Msimamizi wa Mto, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo, alinikalisha juu ya jiwe akaniuliza kulia kwa mto ni upande gani. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia.

"Sasa geuka," akasema.

Nikageuka, nikawa natazama maji yanakotoka.

"Kulia ya mto ni wapi?"

Nikanyoosha mkono uleule, ambao sasa ulielekea ukingo mwingine kabisa.

"Umeua boti mzima," akasema. "Mto iko na kulia yake. Hiyo yako wacha nyumbani."

Kulia kwa mto ni upande wa kulia wa mtu anayetazama maji yanakoelekea, hata kama yeye mwenyewe amegeukia kwingine. Ikipigwa kelele "kulia!" na watu wako wametazama huku na huku kwenye boti la mpira, maana lazima iwe moja tu. Nilikaa juu ya jiwe lile siku hiyo yote nikigeuzwa na kuulizwa, nikarudi nyumbani na kaptula yangu imekunjwa vilevile. Mama aliponiuliza mto ulikuwaje, nilimwambia sijui.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wanaofanya kazi hii leo hawaamini kwamba tulifundishwa maneno kabla ya kasia. Wao huanza na miwani ya jua.

Msimamizi wa Mto alikuwa na utaratibu wake. Kila neno alilokupa ulipaswa kumrudishia pamoja na sababu yake, la sivyo hushuki kwenye jiwe. Edi, kwa mfano, ni mahali nyuma ya jiwe kubwa ambapo maji, badala ya kuteremka, hugeuka na kurudi juu polepole. Boti hupumzika humo. Shimo si shimo la kuchimbwa. Ni mahali maji yanapoanguka juu ya mwamba, yakajikunja na kurudi yalikoangukia, na kitu kikinaswa humo huzungushwa kama nguo kwenye beseni. Neno alilolifundisha mwisho, na kwa ukali kuliko yote, ni chujio. Chujio ni mti ulioangukia mtoni, au mizizi iliyotandaa ndani ya maji. Maji hupita katikati ya matawi. Mtu hapiti.

Nilifanya kazi chini yake hadi alipostaafu. Kisha nilipelekwa Nanyuki kwenye hoteli moja iliyokuwa na mkataba na kampuni yetu, nikawafundishe wageni kuogelea. Huko nilikuwa chini ya Meneja wa Bwawa, ambaye jambo pekee lililomkosesha usingizi duniani lilikuwa taulo. Mgeni angeweza kuzama kwa heshima zote mradi taulo limerudishwa. Nilitumia miaka hiyo kusoma vitabu vya mito ambavyo wageni waliviacha vyumbani, nikiwa na kamusi upande mmoja, kwa kuwa shule niliiacha kidato cha pili na sikutaka kufa nikiwa najua sababu za Msimamizi wa Mto peke yake.

Aliyenirudisha Sagana ni Mkurugenzi. Yeye ni wa familia ya Wahindi wenye duka la vifaa vya ujenzi Nyeri mjini, na Kikuyu chake ni safi kuliko cha wanangu. Alikuwa ameinunua kampuni, akanipa cheo cha Mkufunzi, akanipeleka ukingoni na kuninyooshea kidole wimbi lililokuwa chini ya maporomoko madogo.

"Baba Wanja, watu wanapanda ndege kwenda baharini kutafuta mawimbi," akasema. "Na sisi tuko na moja hapa haiendi mahali."

Ndivyo kusafu kulivyoingia milimani. Kusafu ni kupanda wimbi ukiwa umesimama juu ya ubao. Mpaka leo, nikiwaambia watu wa mtaa wa Skuta, Nyeri, kwamba nilifundisha kusafu, wanadhani ni kusafu kwa intaneti, wananiuliza saiba yangu ilikuwa jengo gani. Nimechoka kueleza, lakini nitaeleza. Baharini wimbi husafiri na kukubeba kuelekea ufukweni, kisha linakwisha. Mtoni wimbi limesimama palepale na maji ndiyo yanayosafiri. Unatoka kwenye edi, unaelekeza ubao maji yanakotoka, na ubao unateremka usoni mwa wimbi wakati maji yanapita chini yake. Ukiijua kazi, utakaa hapo hadi miguu ikatae, na hutakuwa umekwenda popote.

Mkurugenzi alimleta mwalimu kutoka Pwani, kijana aliyeitwa Bakari, aliyekuwa amepanda mawimbi tangu utotoni. Nasema bila kinyongo kwamba sijaona mtu mwenye miguu kama ile. Siku ya kwanza alisimama ukingoni amejifunika shuka kwa baridi, akalitazama wimbi letu kwa muda mrefu.

"Hili wimbi mmelifunga?" akauliza.

"Liko hivyo siku zote," nikamwambia.

"Haliji?"

"Haliji."

"Subhanallah. Basi hata kulisubiri hakuna!" Akaitupa shuka.

Alikuja na maneno yake, na mazuri. Foleni ni zamu ya watu wanaongoja kwenye edi. Kudandia ni kumwingilia mwenzako juu ya wimbi lake, na ni utovu wa adabu mkubwa. Kuoshwa ni kuangushwa na wimbi na kupitishwa chini. Mapezi ni vile vibao vidogo chini ya ubao vinavyouzuia kwenda ubavu. Gufi ni mtu anayetanguliza mguu wa kulia. Vijana wetu waliyameza maneno hayo yote kwa wiki moja, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu waliyameza bila kutafuna.

"Wewe," nilimuuliza mmoja aliyekuwa akimwita kila mtu gufi, "gufi ni nini?"

"Mwalimu, gufi ni msee ameiva."

"Gufi si mtu hodari. Ni mtu anayetanguliza mguu wa kulia."

"Sawa, Mwalimu. Lakini ameiva."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Msimamizi wa Mto angemkalisha juu ya jiwe hadi Krismasi. Mimi nilikuwa na wageni wanaongoja.

Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeniuliza sababu za mambo, naye alikuwa Nyawira, msichana wa Kangari, mkaidi kama punda na mwenye mikono ya kuchuma chai. Aliniuliza maswali hadi nikatamani asiulize. Alikuwa akivaa kisu kifupi kifuani, juu ya jaketi la kuokolea, kama nilivyowaagiza wote. Wengine walikiacha bandani kwa sababu kiliharibu picha.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya kamba. Baharini, anayesafu hufunga kamba kwenye kifundo cha mguu, na ncha ya pili kwenye ubao, ili akioshwa ubao usimpotee. Bakari alizileta kamba hizo pamoja na mbao zake. Nikakataa. Chini ya wimbi letu, kushoto kwa mto, palikuwa na mti wa mgumo uliotandaza mizizi majini. Chujio kamili.

"Baba, baharini kamba ndiyo uhai wako," Bakari alisema, bila kiburi chochote. "Ubao ndio unaokuweka juu ya maji."

"Baharini hakuna mizizi."

"Na ubao usio na kamba je? Ukimponyoka mtu hapo juu, utampasua wa chini kichwa. Waujua uzito wake?"

Mkurugenzi alinigeukia. "Baba Wanja, uko na jibu ya ubao?"

Sikuwa nalo. Bakari alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimesema kweli, na kati ya kweli mbili mwenye kampuni huchagua ile inayomfungulia biashara kesho asubuhi.

"Basi wacha afundishe vile anajua," akasema.

Mvua za mlimani zilipoanza, mto ulijaa na wimbi likanenepa. Bakari alitaka kuwaonyesha vijana namna ya kugeuka juu yake. Aligeuka mara kadhaa, vizuri ajabu, vijana wakipiga mbinja, kisha pezi likashika vibaya akaoshwa. Hapakuwa na ajabu katika hilo. Kila mtu huoshwa. Lakini maji yalimpeleka kushoto, ubao ukapita upande mmoja wa mzizi mnene, yeye akapita upande wa pili. Kamba ikakazika.

Nataka kila kijana anayesoma hapa aelewe kilichotokea, kwa maana hakihitaji nguvu za ajabu. Mtu amefungwa mguu, na mto mzima unamvuta. Mwili hunyooka kama bendera. Hawezi kujikunja akaufikia mguu wake, na kichwa kiko chini ya maji. Nilimrushia kamba ya uokozi, ikapita karibu na mkono wake, lakini mkono haukuweza kuifuata. Vijana wawili wakataka kuruka wamvute. Niliwazuia kwa matusi ambayo sitayaandika, kwa sababu maji yangewabandika kwenye mizizi ileile.

Nyawira alikuwa ameshatoka kwenye edi. Hakumwendea Bakari. Alipanda juu ya mgumo kutoka nchi kavu, akatambaa juu ya mzizi hadi kwenye ubao, akaikata kamba upande wa ubao. Bakari akaachiliwa, akateremka na maji kama gogo, nami nikamkamata kwenye edi ya chini. Alikuwa wa kijivu. Tulimgeuza, tukamkamua, akatapika mto, akapumua. Kifundo cha mguu kilikuwa kimetoka mahali pake.

Nilipomtembelea hospitalini alikuwa ametazama dari.

"Baba," akasema, "nimeliona chujio."

"Najua."

"Hujui. Wewe umelisoma." Kisha akanigeukia. "Nimepata jibu la ubao. Weka mtu edi ya chini, kazi yake kuudaka tu. Na foleni isianze mpaka adake."

Hilo ndilo jibu nililolikosa, na mdomoni mwangu halikuwahi kufika. Tukalifanya sheria: kamba haiingii mtoni, na foleni haisogei mpaka mdaka-ubao ainue mkono. Bakari alikaa nasi msimu mmoja zaidi akiifundisha kwa ukali wa mtu aliyefufuka, kisha akarudi kwao, kwa sababu baridi ya huku iliukamata mguu wake kila jioni. Nyawira akawa mkuu wa waongozaji hadi alipoitwa kazini kwenye mto mkubwa Uganda. Mimi bega langu la kushoto lilianza kutoka lenyewe, hata nikivaa koti, na mtu wa namna hiyo hafai kurusha kamba ya uokozi. Nikastaafu. Sasa nafuga kuku Gatitu, na kuku hawana misamiati.

Mwezi uliopita mwanangu Wanja alinionyesha tangazo kwenye simu. Kampuni yetu, wimbi letu, na mgeni amesimama ukingoni akitabasamu, ubao kwapani, na kamba mguuni.

Nililala vibaya. Nyawira hayupo, Bakari hayupo, mimi ni mtu wa kuku. Niliwaona wale vijana wa gufi wakiwafunga wageni miguu kwa sababu inapendeza kwenye picha. Asubuhi nilivaa koti, nikaenda Sagana nikiwa nimejiandaa kugombana na yeyote, kuanzia mlinzi wa lango hadi Mkurugenzi.

Ukingoni nilimkuta msichana mwenye filimbi shingoni. Sikumjua naye hakunijua. Mbele yake walikuwa wageni wamepanga mstari na mbao zao, na kando yake palikuwa na ndoo.

"Bakari zote hapa kwa ndoo," akasema. "Wewe pia, madam. Toa bakari kwa mguu."

"Lakini kwenye tangazo—" mgeni akaanza.

"Ile ni ya picha. Mtoni bakari haiingii. Ukiingia nayo leo hakuna kusafu."

Ndoo ilikuwa imejaa kamba zilizoviringana. Kule chini, kwenye edi, kijana alikuwa amesimama maji kiunoni, akiinua mkono.

Nilimsogelea msichana. "Mama, kwa nini inaitwa bakari?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini kiatu kinaitwa kiatu. "Ndio jina yake."

"Na kwa nini haiingii mtoni?"

"Ndio sheria, guka. Nyawira aliacha amesema hivyo. Na tafadhali rudi nyuma ya hiyo laini, unasimama kwa njia ya wageni."

Hakuna sababu hata moja! Neno kavu, sheria kavu. Msimamizi wa Mto angelia. Mimi guka, yaani babu, nilirudi nyuma ya laini, kwa kuwa alikuwa na haki, nikampigia Bakari simu nikiwa nimekasirika. Nikamweleza kwamba jina lake sasa ni jina la kamba, na kwamba linatupwa kwenye ndoo kila asubuhi na watoto wasiojua kama yeye ni mtu au ni tunda.

Nilisikia redio nyuma yake.

"Na wanaitoa?" akauliza.

"Wanaitoa."

"Wote?"

"Hata madam wa tangazo."

"Basi waache, Baba. Usiwaeleze kitu."

Nimeeleza hata hivyo.