Aliyemtoa Eliya Kisimani

Winifrida Nkunzimana ni mwanamke ambaye ukimkuta soko la Kasulu huwezi kudhani ana msiba. Anapima maharage huku akitania wateja, na ukichambua sana atakuuliza kama unatafuta maharage au mchumba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Amekulia huku, ameolewa huku, amepata uraia huku, na huku amemzika mumewe, kisha Eliya, kitinda mimba wake.

Eliya alikuwa fundi wa visima. Siku ile alishuka kusafisha kisima cha jirani, na huko chini hewa ikamwishia. Vijana waliobaki juu walivuta kamba, ikaja tupu. Wakapiga simu Zimamoto. Aliyeshuka kumfuata, mtungi wa hewa mgongoni, aliitwa Nduwayezu, baba wa watoto wawili, mtu wa mtaa wa pili tu. Alimpandisha Eliya akiwa amekwisha kufa.

Winifrida alilia, akamshukuru Mungu kwamba walau alipata mwili wa kuzika. Lakini jambo moja lilimla ndani, na hakulitaja hata kwenye maombi: mtoto wake alikuwa peke yake mle gizani, hana hata mtu wa kumwita jina.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Nadine, mke wa Nduwayezu, alikuja kwenye meza yake ya maharage, akasimama tu na kikapu mkononi.

"Mwakeye, Mama Eliya."

"Mwakeye, mwanangu. Mbona umesimama kama mlingoti?"

"Ni baba watoto. Tangu kile kisima halali. Akisikia kamba ya ndoo inalia kwa jirani, jasho linamtoka. Wenzake wanamcheka, eti Zimamoto gani anaogopa maji. Amesema mwisho wa mwezi anarudisha sare." Nadine akashusha sauti. "Na mimi naogopa hatarudisha sare tu. Jana ameniambia niwalee watoto vizuri."

Winifrida alifunika maharage yake papo hapo. Kisima kimeshachukua mmoja, alijisemea, Mungu wangu, kisichukue wawili.

Kosa alilofanya lilikuwa la upendo. Huku hatutembeleani mikono mitupu, basi akakamata jogoo, akakusanya kwaya nzima ya akina mama, wakaenda kwa Nduwayezu wakiimba. Walipofika mlangoni akapaza sauti: "Shujaa wetu! Mungu akubariki, uliniletea mwanangu!"

Nduwayezu alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia migombani, akapotea. Kwaya ikabaki uani inatazamana.

"Tumemkimbiza," mmoja akanong'ona.

"Sauti yako hiyo. Nilikwambia upunguze," mwenzake akajibu, lakini hakuna aliyecheka.

Kesho yake Nadine alimshika mumewe mkono, akampeleka kwa Mzee Isihaka, mnasihi wa kituo cha afya. Isihaka ni mtu wa Ujiji, askari mstaafu aliyelinda amani Kongo na kurudi akiwa hawezi kulala chumba kikifungwa mlango. Alisaidiwa, ndipo naye akasomea kusaidia wengine. Chumbani kwake hakuna meza ya kukaa katikati yenu. Unachagua kiti mwenyewe, unaamua mlango ufungwe au ubaki wazi, na hakuna siku atakayokwambia, "Haya, eleza yote."

Winifrida naye alikwenda kwake.

"Mzee, amesema nini juu yangu?"

"Mama, hata kama amesema, hayo ni yake."

"Basi mwambie nimemsamehe."

"Kwani alikukosea nini?"

Winifrida akajifunga upya khanga yake. Isihaka akacheka kidogo, kwa upole. "Mimi niliporudi kutoka Kongo walinipigia ngoma. Unajua nilikuwa wapi? Chooni, nimejifungia. Kila aliyeniita shujaa aliniongezea gunia kichwani, maana mimi nilikuwa nawakumbuka wale nilioshindwa kuwaokoa."

"Sasa nifanyeje?"

"Wewe pia una huzuni, nayo inataka mtu wa kukaa nayo. Njoo siku zako. Yeye akitaka kukuona, atasema mwenyewe."

Winifrida alilelewa akisikia kwamba machozi ya mwanaume hutiririka kwenda tumboni. Siku zote alidhani ni sifa. Sasa akaanza kujiuliza tumbo hilo lina ukubwa gani.

Hatimaye Nduwayezu alisema yuko tayari kuonana na Winifrida chumbani kwa Isihaka. Alikaa kiti cha karibu na mlango, macho sakafuni.

"Hapa hakuna anayelazimishwa kusema," Isihaka alianza. "Nduwayezu, kuna kitu unachokitaka kwa mama?"

Nduwayezu aligeuza viganja vyake, akavitazama.

"Sikunawa," Nduwayezu alisema.

Isihaka hakuelewa, lakini Winifrida alishika mdomo. Kwao, watu wakitoka makaburini, kila aliyeshika mwili au jembe hunawa mikono nyumbani kwa wafiwa, akaketi, akapewa cha kunywa. Ndipo anakwenda kwake ameachana na kifo. Siku ya maziko Nduwayezu alikuwa zamu. Mikono ya kwanza kumshika Eliya ndiyo haikunawishwa. Na yeye, mama mtu, alimpelekea jogoo na nyimbo!

Jumamosi walikutana kwa Winifrida, na Isihaka pia, kwa sababu Nduwayezu alimwomba awepo. Winifrida alimmiminia maji, naye akanawa mpaka viwikoni. Kisha akampa uji, maana ni walokole, pombe hawanywi. Nduwayezu alishika kikombe, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Mama, nadhani nimechanganyikiwa. Nilipomfunga kamba nilijua amekwisha kufa. Lakini nilimsemesha njia nzima. 'Eliya, shikilia, tunapanda. Eliya, bado kidogo.' Mtu mzima, nasemesha maiti! Na bado namsemesha usingizini."

"Ulimwita jina?"

"Vijana kule juu walikuwa wanalia wakiliita. Nikalishika."

"Njia nzima?"

"Mpaka juu, mama."

Winifrida alikaa chini. "Mwanangu hakupanda peke yake," alisema. "Ee Mungu, asante. Nduwayezu, hujachanganyikiwa, baba. Ile ilikuwa kazi yangu, na wewe ulinifanyia."

Nduwayezu alilia, machozi yakadondokea kwenye uji. Isihaka aliendelea kunywa wa kwake taratibu, kama mtu asiye na safari.

Nduwayezu hakupona siku hiyo. Isihaka husema kiwewe si jipu kwamba ukilitumbua limekwisha, na kila wiki Nduwayezu bado anakwenda kwake. Ila mwisho wa mwezi, Nadine alipita sokoni akicheka, akasimulia kwamba mumewe aliivaa ile sare, akaenda kusimama mbele ya mkuu wake.

"Afande, mpira wa maji nitashika, na gari nitaosha. Kamba bado."

"Kamba itasubiri," afande akamjibu, akamrushia funguo za gari.