Jezi ya Ishirini na Tano

Wiki ile Nakal alikuwa hatulii. Ataketi kwenye cherehani yake, pale barazani karibu na soko la Lodwar, ashone herufi tatu, kisha ainuke kuchungulia barabara, arudi, asijue mkasi ameuweka wapi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Jumamosi waendesha baiskeli ishirini na watano wangetoka Lodwar hadi Kakuma, kilomita mia moja na ishirini, kuzichangia familia za polisi waliouawa kazini. Kila jezi ilitakiwa kubeba mgongoni jina la marehemu mmoja. Orodha ya mratibu, Bwana Manyang, ilikuwa na majina ishirini na manne. Jezi moja ingebaki bila jina.

Kaka yake Nakal, Adome Ekwam, hakuwamo. Alikuwa polisi wa akiba: alipewa bunduki na koti, mshahara hakupewa. Alipigwa risasi karibu na Kapedo akisindikiza lori la chakula, pamoja na askari wawili ambao Nakal alikuwa amekwisha kushona majina yao. Adome ndiye aliyemtoa Nakal kijijini Kerio, kwenye kuanika samaki, akamsomesha hadi kidato cha nne.

"Orodha imetoka juu, dada yangu," Manyang alimwambia alipomwendea ofisini. "Wa akiba hawamo. Nikiongeza mmoja nitaulizwa kwa nini."

"Na Mungu akikuuliza kwa nini hukuongeza?"

"Mungu haniandikii barua za ofisini." Manyang alicheka, kisha akauona uso wake akarudi kwenye karatasi zake.

Ijumaa Nakal alimwomba Mungu amzuie kama alilokusudia ni kosa. Alipiga magoti kando ya cherehani, akaimba nyimbo mbili za kwaya, akangoja. Hakuna aliyemzuia. Akaivuta ile jezi ya mwisho akaishonea jina la kaka yake.

Asubuhi jezi ikamwangukia Boris, Mkongo anayebeba abiria kwa baiskeli katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliyekuja Lodwar kwa kibali cha siku tatu.

"Ejok, Boris," Nakal akamsalimu pembeni. "Hiyo ina jina ambalo halikuruhusiwa. La kaka yangu."

"Jina liko na kilo ngapi, dada? Miye nabebaka mama, watoto wawili na gunia ya makaa." Akaivaa.

Nakal alipanda lori la maji, akawafuata. Upepo ulikuwa wa mbele, na mchanga ulipita juu ya lami kama moshi. Kila baiskeli iliyopunguza mwendo ilimfanya ainuke kitini, na dereva akachoka kumwambia akae.

Waliposimama kunywa maji, vilima vya Pelekech vikionekana mbele, Manyang alipita akihesabu migongo. Akafika kwa Boris.

"Jina hili limetoka wapi? Nani ameliandika hili?"

Boris alitupa jicho kwa Nakal. Nakal alikuwa ameshika jagi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Mzee, miye nilipewa, nikavaa," Boris akasema.

"Igeuze. Ndani iwe nje."

Boris akaigeuza. Mgongoni yakabaki mafundo ya uzi tu.

Njia iliyobaki Nakal hakuinuka tena kitini. Petro alikana mara tatu. Yeye alikana mara moja, na aliyemkana ni ndugu wa tumbo moja.

Kakuma, karibu na mto Tarach, kanisa lilikuwa limetandaza turubai. Manyang alisoma majina, na kila jina liliposomwa familia yake ilisimama. Majina yote ishirini na manne yakaisha. Mchungaji Ereng akaombea wajane na yatima, akafika mwisho.

"Na watu wote waseme..."

"Bado," Nakal akasema.

Alikuwa wima, hakujua tangu lini.

"Bado mmoja, mchungaji. Adome Ekwam, polisi wa akiba. Jezi niliishona mimi, Boris hana kosa. Kule njiani niliogopa kusema."

Mwendesha baiskeli mmoja akajikanda paja. "Dada, si ungesema kabla hatujakufa miguu!" Watu wakacheka, na mjane mmoja wa mstari wa mbele akacheka huku analia.

Mchungaji alifungua macho. "Maombi hayajafungwa," akasema. "Tuanze upya. Kutoka jina la kwanza. Simameni."

Wakainuka wakiguna. Manyang akasoma tena, haraka mwanzoni, halafu polepole. Alipomaliza jina la ishirini na nne karatasi iliishia hapo, na angeweza kuikunja. Hakuikunja.

"Adome nani?" akauliza.

"Ekwam."

"Adome Ekwam," Manyang akasoma, ingawa hapakuwa na kitu cha kusoma. "Familia yake isimame."

Nakal alikuwa amekwisha kusimama, hata akakosa la kufanya na miguu yake.