Mfuniko wa Chakula cha Baba

Harufu ya samaki aina ya sato anayepashwa moto ndani ya plastiki haijanitoka puani mpaka leo. Hunirudisha Ilemela, Mwanza, kwenye nyumba ya baba mdogo iliyojengwa juu ya mawe, ambako dirisha la jikoni lilitazama ziwa na upepo wa asubuhi uliingia na shombo la samaki. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, nikaletwa kwa meli kutoka Bukoba ili nisome mjini. Baba mdogo aliahidi kwamba nikifanya kazi za nyumbani kwa adabu, muhula ukikaribia atanishonea sare. Niliisubiri sare hiyo kama watoto wengine wanavyoisubiri Krismasi.

Baba mdogo alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na maikrowevu, ya kwanza mtaani kwetu. Majirani walikuja kuitazama ikizungusha kikombe cha maji mpaka kikachemka bila moto, wakaishia kufanya ishara ya msalaba. Alituelekeza vizuri, nakumbuka: chombo cha chuma kisiingie, kitu kilichofungwa kabisa kisiingie, na anayefunua chakula chenye mvuke aweke uso mbali. Mama mdogo, mkewe, alishika lile la chuma tu, kwa sababu alikuwa ameziona cheche kwa macho yake siku alipoingiza bakuli la enameli.

Bakuli lile lilikuwa la chakula cha baba mdogo. Katika nyumba ile chakula cha mwenye nyumba kilipakuliwa kwanza, kikafunikwa, na hakuna mkono uliokifunua kabla ya wake. Mfuniko wa enameli ulikaa juu tu, ukichezacheza. Lilipokatazwa, mama mdogo alinunua sokoni bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, akafurahi kuliko mwanzo, maana sasa mdokozi asingeweza kulifungua bila kusikika.

"Bana mfuniko mpaka ulie," aliniambia.

"Mama mdogo, baba alisema kilichofungwa kabisa..."

"Wewe ndiye uliyesoma ng'ambo? Bana!"

Ijumaa moja ya Majilio, baba mdogo akivua viatu sebuleni, niliingiza ndizi na sato kama nilivyoagizwa. Nilipolitoa bakuli, mfuniko ulikuwa umevimba kama tumbo la chura. Sikuwa nimefika mezani uliporuka. Mvuke na mchuzi vilinipata shavu lote la kushoto mpaka chini ya jicho, nikapiga ukelele, bakuli likaanguka.

Mama mdogo alikuja, akatazama sakafu kwanza. Kisha akanishika kidevu, akaligeuzia shavu langu kwenye taa, akacheka.

"Baba watoto, njoo uone! Mwizi wako huyu hapa, mchuzi bado unamtiririka."

"Sikufunua," nilisema. "Mfuniko umeruka wenyewe."

"Umeota mabawa?"

Watoto wake wakaanza kupiga mikono ubavuni na kuwika kama jogoo. Katika nyumba ile baba mdogo ndiye pekee aliyejua kwamba mfuniko uliobanwa huruka. Alinitazama, akamtazama mkewe, akavaa tena viatu vyake. "Nitakula mjini," alisema, akatoka.

Jumapili baada ya misa, malengelenge yakiwa bado yanatoa maji, mama mdogo alinisimamisha mbele ya akina mama wa jumuiya. "Mtazameni. Mungu hakawii kumtia mdokozi alama." Mmoja wao alilibonyeza shavu langu kwa kidole, aone kama linauma. Sare haikushonwa. Muhula ulipoanza nilikuwa melini nikirudi Bukoba, na mama aliponipokea gatini habari zilikuwa zimeshamfikia. Hakuniuliza kama nilikula. Aliuliza kama kilikuwa kitamu.

Namshukuru Mungu kwa jicho aliloniachia, maana mvuke uliishia chini yake. Ndilo lililonisaidia kufundisha katekisimu miaka yote hii. Ndoa ilinirudisha Mwanza. Baba mdogo ameshafariki, watoto wao wako Dar es Salaam na simu zao hazipokelewi, na mama mdogo haoni tena. Nimemchukua nikae naye. Mimi pia nina maikrowevu, zawadi ya mwanangu. Chakula cha mama mdogo nakipasha kwenye bakuli la kauri, mfuniko nikiuegesha ili mvuke upate njia. Mashine ikilia, nasubiri kidogo. Nainua mfuniko upande ulio mbali nami, mvuke uelekee ukutani, nakoroga vizuri, maana sehemu moja huweza kuunguza na nyingine ikawa baridi. Kisha naonja mimi kwanza, ili yeye asiungue ulimi.

Macho yamemwishia, lakini masikio yangali makali. Kila mchana husikia mfuniko ukigusa meza.

"Nani amefunua chakula changu?"

Namshika mkono, naweka kijiko kati ya vidole vyake.

"Ni mimi, mama mdogo. Nimefunua."

"Nilijua tangu siku ile," husema, kisha hula.