Mguu Utapungua

Kijerumani nilikipata jikoni, miaka ya tisini, kwa mama mmoja Mjerumani aliyekuja Mbozi na mumewe kwa mambo ya kahawa. Mimi nilikuwa mpishi wao. Yeye alitaka mtu wa kuongea naye, mimi nilitaka siku moja niende Ulaya. Lugha ile ilinitesa! Maneno yana jinsia: meza ni mwanamume, mlango ni mwanamke, msichana si huyu wala yule. Nani alikaa akayapanga hayo? Kila nilipofungua mdomo niliogopa, hata kuomba chumvi.

Mama yangu hakuogopa. Kijiji chetu kizima cha Isansa alikitangazia kwamba mwanawe anakimwaga Kijerumani kama maji. Basi jembe lilipomkata mguuni, kidonda kikavimba na kuanza kunuka, nikampeleka hospitali ya misheni alikokuwa daktari mgeni, Mjerumani. Muuguzi aliyezoea kumtafsiria alikuwa amesafiri. Kiingereza cha daktari kilikuwa cha kuombea maji, na changu hivyo hivyo.

"Si mwanangu yupo hapa," mama akasema, kifua mbele.

 Daktari akaubonyeza mguu, akakunja uso, akaanza sentensi ndefu. Wajerumani kitenzi hukiweka mwishoni, kwa hiyo unasikiliza umebana pumzi, hujui unapewa mkono au kofi. Mwishoni likatoka neno *abnehmen*. Nusura nipige vigelegele. Hilo nililijua! Bosi wangu, yule mama Mjerumani, alilisema kila siku akisukuma sahani ya wali: anataka kupungua mwili.

"Anasema lazima wafanye mguu upungue," nikamwambia mama.

"Asante Mungu. Mwambie aanze hata leo."

Nikamwambia. Daktari akanitazama, akamtazama mama anayetabasamu, akanirudia mimi. Akauliza, polepole, kama mama ameelewa kweli.  Kisha akainama, akaweka ukingo wa kiganja chake chini kidogo ya goti la mama, akaupitisha kutoka upande huu hadi upande wa pili.

Mama alidhani anapimwa. Aliendelea kutabasamu, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilitaka kukimbia nimwache palepale kitandani. Ningenyamaza, wangemkata kwa ruhusa niliyoitoa mimi.

"Mama," nikasema. "Wanataka kuukata."

"Kuukata nini?"

"Mguu."

"Si umesema utapungua?"

"Nilikosea, mama. Kumbe neno lile lile ni kupungua na ni kuondoa."

Akanikamata mkono, kucha zikaniingia. "Basi na sasa umekosea. Muulize tena, mwanangu."

Nikamuuliza tena. Safari hii nilielewa kila neno.