Damu ya Kidole

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la dispensari moja ya Mangobo, nangoja dawa ya kikohozi, mama mmoja alipofika mbele na mtoto mgongoni. Kabla hajaulizwa kitu, akashika kidole cha mtoto na kukinyoosha, tayari kwa sindano.

Munganga, daktari wa zamu, akamtambua. "Mama, weye tena? Juma iliyopita nilipima damu, ukakimbia. Juma ya kabla ya ile, vile vile. Sababu gani haungojaka dawa?"

"Dawa gani tena, papa? Si ulimutosha damu mubaya, ukaiondoa? Homa ilishuka, kisha ikarudia. Leo utoshe mingi."

Wasomaji, hapo nikaelewa. Mama huyu alidhani sindano ile ni kama pembe ya fundi wa dawa za kienyeji, inayonyonya damu mbaya na ugonjwa ukaisha. Kumbe tone lile huangaliwa tu, ijulikane homa ni ya nini. Dawa huja baadaye. Munganga akavuta kope la mtoto: ndani palikuwa peupe kabisa, damu imepungua. Akaanza kufoka.

Mama hakuinamisha kichwa. "Munakamataka damu ya mutoto wangu. Nani aliniambia iko ya kazi gani?"

Munganga akatugeukia sisi tuliokaa. "Nani mwingine anawaza hii sindano ndiyo dawa?"

Mikono ikapanda, mmoja mmoja, karibu benchi zima. Jirani yangu, karani mwenye tai na miwani, aliinua wake nusu, akaishia kujikuna shingo.