Mshenga Aliyetoka Nje Mara Tatu

Kwenye kikao cha mahari, mshenga wetu alitoka nje mara tatu, na kila akitoka wakwe walipunguza masharti.

Jamani, nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebeba khanga za mama mkwe.

Mshenga mwenyewe ni baba yangu mdogo, Melkiori, muuza mchele wa Mlabani. Tulikwenda naye Kidatu kumwombea kaka yangu Severini mke. Binti anaitwa Digna, na kaka alimpenda mpaka akakonda. Kikao kikivunjika, ndoa hakuna.

Sasa baba mdogo ana siri. Mkojo ukimbana, hausubiri. Anakimbia chooni, anatoa vijiko viwili, anarudi, unambana tena.

Yeye anasema ni uzee. Mke wake anasema karogwa na wauza mchele wenzake. Hospitali? Thubutu! Dawa yake ni kutokunywa maji kutwa nzima, halafu kiu anaituliza kwa chai ya rangi. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Tukapokelewa, shikamoo zikaisha, chai ikaletwa. Akanywa vikombe viwili!

Shangazi wa binti, Domitila, mama mwenye mdomo, akaanza.

"Kuna blanketi la babu, suti ya baba, na mbuzi wangu mimi. Awe mkubwa."

Baba mdogo akasimama ghafla, uso umekunjamana, jasho linamtoka.

"Samahani, nipisheni," akasema, huyoo nje.

Wakwe wakatazamana.

"Kakasirika," mmoja akanong'ona. "Futeni blanketi."

Akarudi, akaambiwa blanketi limefutwa. Hakuelewa kitu, ila akashukuru. Shangazi alipogusia suti tu, baba mdogo akasimama tena. Suti nayo ikafutwa! Mimi niliuma khanga nisicheke.

Wakabaki na mbuzi. Shangazi akakaza, mbuzi hafutwi. Baba mdogo akatoka mara ya tatu.

Safari hii baba wa binti, Mzee Salvatory, mtu mzito asiyecheka, naye akainuka na kumfuata mbio.

"Wanapigana hao!" mtu akasema.

Nikatoka nyuma yao. Nikajua ndoa ya kaka imekufa.

Nikamkuta Mzee Salvatory mlangoni pa choo, amebana miguu, anagonga bati.

"Mshenga, fanya haraka bwana! Na mimi nimebanwa!"

Wakapishana. Mzee Salvatory alipotoka, akamshika baba mdogo bega.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Umepimwa?"

"Nitaanzaje kumweleza nesi, mtoto wa juzi?"

"Mimi nilisema hivyohivyo, mpaka nikajikojolea kanisani. Walinipima mkojo na sukari, wakakuta kibofu kinabana kabla hakijajaa. Nikapunguza chai. Wakanifundisha kukaza misuli ya huko chini, na kujizoeza kuvumilia kidogo kidogo. Maji nakunywa, usijikaushe. Nilikuwa naendelea vizuri, ila leo natoa binti, roho imenipaa, nimemaliza birika."

Wakarudi ndani. Watu wakatafuta damu kwenye mashati yao, hakuna.

"Binti ametoka," Mzee Salvatory akasema. "Mbuzi nimemfuta. Sharti langu ni moja. Mshenga aende hospitali akapimwe kibofu."

Baba mdogo alitamani ardhi ipasuke.

"Na asicheke mtu," mzee akaongeza. "Hata mimi kinanibana."

Nikamtazama shangazi Domitila, nikijua sasa atalipuka kwa ajili ya mbuzi wake.

Shangazi akakohoa, akavuta khanga usoni.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "huyo daktari na wanawake anawaona?"

Ndoa ilifungwa, na wote watatu wakaenda hospitali.

Nawe unayesoma hapa huku umebana miguu, inuka uende. Ukitoka chooni, nyoosha moja kwa moja hospitali. Aibu yako haijawahi kukutibu.